Posti za "nyuma ya pazia": tuonyesheni uamuzi, jasho tunalijua

KalamuNyeusi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nafuatilia kurasa nyingi za watu wanaofanya kazi za kuonekana na kusikika: waandishi, wapiga picha, watengeneza filamu fupi, mafundi, watafiti. Siku hizi karibu kila mmoja ana posti zake za nyuma ya pazia. Ukifungua unakuta kompyuta iko wazi, taa ya meza inawaka, na maneno "kazi inaendelea". Kesho yake picha ileile, pembe nyingine. Hapo pazia halijafunuliwa hata kidogo. Nimeambiwa tu kuwa mtu yuko kazini, na wala sikuwa nimembishia.

Mimi naona posti fupi ina kazi moja inayoifaa kuliko maandishi mengine yote: kubeba kile ambacho kazi yenyewe haikuwa na nafasi ya kukibeba. Kwa nini aya ile iliondolewa. Kwa nini ilichaguliwa picha hii na si ile. Nani alikataa kuhojiwa, na ukimya wake ukaigeuzaje habari. Ukiyatia hayo ndani ya makala utaichosha. Ukiyaacha kabisa, msomaji anapokea kitu kama kimeshuka kutoka mbinguni. Sentensi mbili tatu pembeni zinatosha.

Mfano ninaoupenda ni wa David Fahrenthold, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Washington Post la Marekani. Mwaka 2016 alikuwa anachunguza kama Donald Trump, wakati huo mgombea urais wa Marekani, kweli alizitoa fedha za misaada alizosema amezitoa. Njia yake ilikuwa ya kizamani: kupigia simu taasisi za misaada moja baada ya nyingine na kuuliza. Waandishi wengi wangelificha daftari mpaka habari iive. Yeye aliandika majina ya taasisi kwa mkono, akaweka jibu pembeni ya kila jina, akaipiga picha karatasi na kuiweka Twitter (siku hizi X).

Tazama picha ile moja imebeba nini: swali, njia ya kulijibu, majibu yaliyopatikana na pengo lililobaki. Watu wakaanza kumpa majina ya taasisi nyingine za kupigia. Baadaye alipokuwa anatafuta ilipo picha kubwa ya kuchorwa ya Trump, iliyonunuliwa kwa fedha za mfuko wake wa hisani, aliuliza hukohuko. Msomaji mmoja akaiona katika picha za wageni wa hoteli ya Trump ya Doral zilizowekwa mtandaoni, na mwandishi wa televisheni ya Univision akaenda kuthibitisha kwa macho kwamba inaning'inia ukutani pale. Mwaka 2017 kazi ile ilimpa Fahrenthold Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani.

Hakuweka picha yake akiwa ameshika simu sikioni. Aliweka karatasi.

Nyie mnaofanya kazi hizi mnaweka nini, mnaweka lini, na kipi hamkiweki kamwe? Karibuni.

---

JichoLaTatu

Umepiga mulemule, mkuu. Mimi ni mpiga picha. Zamani nilikuwa naweka picha ya kamera mezani, na walioitikia walikuwa wapiga picha wenzangu tu, wakiuliza lenzi.

Siku hizi naweka picha mbili kando kwa kando: iliyotumika na iliyokosa kidogo. Karibuni nilikuwa na habari ya kijana aliyepona baada ya kulazwa muda mrefu. Picha ya kwanza anacheka, uso umejaa mwanga, safi kabisa. Ya pili uso umeingia kivulini kidogo, lakini pembeni unaonekana mkono wa mama yake umemshika bega, vidole vimekaza hadi kucha zimekuwa nyeupe. Nikaandika: "Ya kushoto ni nzuri zaidi. Ya kulia ndiyo iliyotumika, kwa sababu mama hajaamini bado."

Basi. Watu walibishana mle hadi usiku, wengine wakitetea ya kushoto. Na wengi walirudi kuisoma habari yenyewe ili wauone huo mkono.

---

MvivuWaKuposti

Nani ana muda huo jamani? Nikimaliza kazi nimeshachoka, halafu niketi tena kuandika kuhusu kazi. Kazi ijitetee yenyewe.

---

KalamuNyeusi

@MvivuWaKuposti ukingoja umalize kazi umeshachelewa, hapo nakubaliana nawe. Sababu za uamuzi husahaulika haraka mno. Ukishakata aya, wiki moja tu baadaye hukumbuki ilikuwa inasemaje, sembuse kwa nini uliikata.

Mimi naandika palepale ninapoamua. Sentensi moja kwenye simu, hata kama imekaa vibaya: "nimeondoa takwimu ya pili, vyanzo viwili vinapingana". Siiposti siku hiyo. Kazi ikitoka, nafungua vile vijisentensi, vingi havina maana tena navifuta, viwili vitatu vinafaa. Kuandika na kuposti ni mambo mawili, na anayeyafanya kwa pamoja ndiye anayechoka.

---

MhaririMstaafu

Vijana, ngojeni niwape historia kidogo maana ufupi huu mnaulalamikia bila kujua ulikotoka.

Twitter ilianza mwaka 2006, na kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa herufi 140. Namba hiyo ilitokana na ujumbe mfupi wa simu, ambao ulibeba herufi 160. Ishirini zikatengwa kwa jina la mtumaji, 140 zikabaki za maneno. Kikomo kiliongezwa hadi 280 mwaka 2017. Leo kuna mitandao mingine ya posti fupi: Bluesky wanakupa 300, Threads na Mastodon 500 kwa kawaida. Kwa hiyo mnayo anasa ambayo sisi hatukuwa nayo.

Na bado ndani ya zile 140 kuna watu walifanya maajabu. Tarehe 25 Mei 2008 chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiitwacho Phoenix kilitua kwenye sayari ya Mirihi. Kilikuwa na ukurasa wake Twitter, na aliyekuwa akiuandikia ni Veronica McGregor wa JPL, maabara ya NASA. Aliandika kana kwamba chombo ndicho kinachosema: nimetua, nachimba, naona. Sababu mojawapo haikuwa ya kisanii hata kidogo. "Mimi" ni fupi kuliko jina refu la chombo, na herufi zilikuwa haba.

Sasa sikilizeni sehemu inayohusu mada. Chombo kilichimba mtaro mdogo, na chini yake vikaonekana vipande vyeupe. Ni barafu au chumvi? Siku kadhaa baadaye kamera ikaangalia palepale: vipande vimetoweka. Chumvi haipotei hivyo. Barafu kwenye hewa nyepesi ya Mirihi hugeuka mvuke moja kwa moja. Basi ni barafu. Juni 2008 habari hiyo ikatangazwa kwenye ukurasa uleule mfupi, na watu waliokuwa wakifuatilia mtaro tangu mwanzo walielewa kwa nini kutoweka kwa vitu ndio ushahidi. Asiyefuatilia aliona sentensi moja ya furaha.

Hiyo ndiyo faida ya vipande vidogo vidogo. Vinamwandaa msomaji. Siku ya jambo kubwa huhitaji kueleza tena.

---

DadaWaMazoezi

Naomba niulize swali ambalo wanaume wa uzi huu mmelipita: nyuma ya pazia ya nani?

Mimi ni mwigizaji wa jukwaani. Kuna siku ya mazoezi tulikuwa tunarudia tukio zito, nikavunjika moyo kweli, nikakaa chini ya ngazi nikilia. Msimamizi wa kurasa wa kundi akanipiga video, ikaenda stori na alama za moto na maneno "hapa ndipo kazi inapopikwa". Sikuulizwa. Nilijiona usiku nikiwa kitandani, tayari imeshatazamwa na watu ninaowafahamu na nisiowafahamu.

Mnazungumzia uamuzi, mimi nakubali. Lakini pazia lipo kwa sababu. Nyuma yake mtu anaruhusiwa kukosea, kusahau maneno, kulia. Ukiweka kamera pale, pale pamegeuka jukwaa la pili, na sisi tunaanza kuigiza hata mazoezini. Baada ya siku ile niliona wenzangu wanacheka kwa sauti zaidi kila simu ikiinuliwa.

---

JichoLaTatu

@DadaWaMazoezi pole sana. Hili ni zito, na mimi nisiseme nililiwaza. Kwetu sisi tunaomba ruhusa ya picha ya habari, ya pembeni tunajipigia tu.

---

KalamuNyeusi

@DadaWaMazoezi umeniongezea kitu kwenye hoja yangu. Kile cha kwako hakikuwa uamuzi wa yeyote, kilikuwa hali ya mtu. Naona mpaka mzuri ni huo: uamuzi wangu nina haki ya kuuweka hadharani, hali ya mwenzangu sina. Hata kama inapendeza. Hasa kama inapendeza.

Mwongozaji angeweza kuandika: "Tumerudia tukio la barua leo na tumeamua isisomwe kwa sauti. Ukimya una nguvu zaidi." Hakuna machozi ya mtu humo na mtazamaji amepata kitu cha kwenda kukitazama.

---

MlinziWaKabati

Nimesoma mpaka hapa, nikasema ngoja nilete la usalama maana ndiyo kazi yangu, na hakuna posti zinazonipa riziki kama hizi za nyuma ya pazia.

Mnakumbuka Novemba 2012? Zilitolewa picha za siku ya kazi ya Prince William akiwa rubani wa uokoaji katika jeshi la anga la Uingereza. Lengo lilikuwa hilohilo, watu waone maisha yake kazini. Nyuma yake ukutani kulikuwa na karatasi zenye taarifa za kuingilia kwenye mfumo. Picha zikaondolewa upesi na nywila zikabadilishwa. Aprili 2015 kituo cha televisheni cha TV5Monde cha Ufaransa kilivamiwa na wadukuzi. Mfanyakazi akahojiwa kuhusu uvamizi huo, na nyuma yake kwenye kamera zikaonekana karatasi zenye nywila za kurasa za kituo.

Lakini ninayoipenda ni ya Novemba 2020. Mawaziri wa ulinzi wa Umoja wa Ulaya walikuwa na kikao cha faragha kwa njia ya video. Kwenye Twitter ya waziri wa Uholanzi ikawekwa picha ya kikao, ile ya kawaida kabisa ya "tuko kazini". Kwenye skrini zilionekana tarakimu tano kati ya sita za namba ya siri. Mwandishi wa habari Daniël Verlaan akajaribu ya sita, na ghafla mawaziri wanamwona mtu asiyejulikana yumo kikaoni anawapungia mkono.

Kwa hiyo kabla hujaposti, kuza picha mpaka mwisho na uanze kuitazama kutoka pembeni kuja katikati. Jicho lako linakwenda usoni, la mwizi linakwenda ukutani. Angalia ubao, vitambulisho shingoni, skrini za watu wengine, kioo na miwani. Karatasi iliyo juu chini bado inasomeka. Kuififisha namba kwa wino wa programu ya simu hakutoshi, maana baadhi ya kalamu zile ni angavu kidogo na mwanga ukiongezwa kilicho chini kinarudi. Kata kipande hicho kabisa.

Na mahali. Faili ya picha inaweza kubeba namba za ramani zinazoonyesha mahali ilipopigwa. Desemba 2012 John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, alikuwa mafichoni, jarida la Vice likaweka picha aliyopigwa akiwa nao, na ndani ya faili mlikuwa na namba hizo zilizoonyesha kuwa yuko Guatemala. Mitandao mikubwa huziondoa namba hizo unapoposti hadharani, lakini ukiituma picha kama faili au ukiiweka kwenye tovuti yako, huenda zikaenda nayo. Na kama uko ugenini kikazi, posti ukishaondoka pale. Hakuna anayehitaji kujua uko wapi sasa hivi.

---

Mpita_Njia

Nakaa hapa pembeni najifunza. Uzi huu uhifadhiwe.

---

FundiSauti

Mimi nauliza la stori na posti za kudumu. Kiongozi wetu anataka kila kitu kiende stori kwa sababu "ndiko watu waliko".

---

MhaririMstaafu

@FundiSauti stori za kufutika baada ya saa 24 alianzisha Snapchat mwaka 2013, Instagram wakafuata Agosti 2016, WhatsApp wakaleta stetasi za namna hiyo 2017. Twitter nao walijaribu kwa kitu kilichoitwa Fleets, hakikumaliza hata mwaka tangu kisambazwe dunia nzima, Agosti 2021 wakakifunga.

Swali langu kwako: kazi yako itasikilizwa kwa muda gani? Kama ni miaka, maelezo yake yanafutikaje kesho? Mtu ataipata kazi baada ya miezi sita, atataka kujua kwa nini sauti ya mtu fulani imekatwa, na jibu ulilitoa Jumanne moja likafa Jumatano. Stori iulizie swali la leo: "nani anamfahamu mtu aliyewahi kuendesha mtambo huu?" Maelezo ya uamuzi yaweke mahali pa kudumu, kisha kwenye kazi yenyewe weka kiungo cha kuyafikia. Instagram tangu mwishoni mwa 2017 unaweza kuzihifadhi stori zikabaki kwenye ukurasa wako, lakini nani anafungua viduara vile vyote? Mimi sivifungui.

---

MwandishiWaRiwaya

Niruhusuni nipinge uzi mzima. Kwenye kazi za kubuni, mwandishi anayeeleza kwa nini mhusika wake alikufa amemuua mara ya pili. Msomaji alikuwa na sababu zake tatu, wewe umekuja na yako moja na umeziua zote. Sitaki kuonyesha uamuzi wangu. Uamuzi wangu ni kitabu.

---

KalamuNyeusi

@MwandishiWaRiwaya hapo kuna tofauti ya kusema ulifanya nini na kusema kina maana gani. "Sura hii awali ilisimuliwa na mama, nikaihamishia kwa mtoto" haijamwambia msomaji afikiri nini. Imempa tu mlango mwingine wa kuingilia.

---

MwandishiWaRiwaya

Ukishaniambia ilikuwa ya mama, nitaisoma nikimtafuta mama. Mlango huo umenifungia mwingine. Sijashawishika, ila endeleeni.

---

MtuWaMkataba

Na sisi tunaofanya kazi za wateja? Kila kitu ni siri mpaka kitoke, na kikitoka mteja ndiye anayetaka kukisemea.

---

MlinziWaKabati

Liandike kwenye makubaliano mapema, mkuu. Mstari mmoja tu: nini unaruhusiwa kuonyesha, baada ya lini, na nani anaidhinisha. Mteja anayekataa mwishoni mara nyingi angekubali mwanzoni, kwa kuwa mwanzoni hana cha kuogopa. Ukikosa hilo, zungumzia zana na njia bila kugusa mteja.

---

FundiSauti

Wakuu, basi nisaidieni kwa vitendo. Natengeneza simulizi ya sauti kuhusu ndugu wawili waliopotezana. Hii nilitaka kuiposti leo:

"Siku ndefu sana leo lakini tunasonga! Kazi kubwa inakuja, kaeni mkao wa kula."

---

KalamuNyeusi

Siku ilikuwa ndefu kwa sababu gani?

---

FundiSauti

Tulimrekodi mzee mmoja nje, upepo ukaingia kwenye maikrofoni. Tukarudia ndani, sauti ikatoka safi kabisa. Ila ndani alisimulia kisa kilekile kwa mpangilio, kama anayetoa hotuba, na hakulitaja jina la kaka yake hata mara moja. Nje alilitaja, akanyamaza, akalitaja tena. Tumebishana mchana kutwa tutumie ipi.

---

JichoLaTatu

Mkuu, na hiyo yote ulitaka kuiita "siku ndefu"?

---

KalamuNyeusi

Jaribu hivi:

"Mahojiano ya kwanza tuliyafanya nje, upepo ukaingia. Tukayarudia ndani na sauti ikatoka safi, lakini mzee hakulitaja tena jina la kaka yake. Tumetumia ya nje. Mkisikia upepo, hatukuusahau."

Ni chini ya herufi 200, inaingia popote.

---

DadaWaMazoezi

Nzuri, lakini mzee anajua? Kutolitaja jina mara ya pili huenda ni uamuzi wake yeye. Mnaweka hadharani kwamba aliteleza nje na akajirekebisha ndani.

---

FundiSauti

Duh. Hilo hatukuliwaza hata kwenye kazi yenyewe, achilia mbali posti. Ngoja nimpigie kabla ya chochote.

---

MvivuWaKuposti

Nimeketi nasubiri jibu la mzee, na mimi ndiye niliyesema sina muda.

---

FundiSauti

Nimeongea naye. Jina la kaka amekubali litumike, amesema ndani alikuwa anaona haya kwa sababu tulikuwa wengi chumbani. Kuhusu posti ana sharti moja: tusimwite "mzee", tumwite fundi saa, ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Nimebadilisha, naiposti jioni hii. Upepo unabaki.